Mechi Thelathini na Nne Bila Kosa

Jumatatu, 1 Julai 2019

Mungu aliumba mikono ya watu wengine kwa majaribio. Ya kwangu ndiyo aliyopatia. Baada ya hapo akapumzika.

Nani abishe? Leo ni mechi ya ishirini na tano ya besiboli bila kosa hata moja. Mpira wowote unaopita chini kati ya kituo cha pili na cha tatu ni mali yangu. Unakuja na hasira, unaondoka umetulia. Ile mechi ya kwanza ya msimu, makosa mawili — nilikuwa na homa. Homa haihesabiwi.

Mwalimu wa jioni hapa akademi katugawia madaftari. Eti kila mtu aandike maisha yake, hakuna atakayesoma. Shule niliachia darasa la saba, lakini maisha ninayo, tena ya kumwaga! Jina: Yeuri Laureano. Miaka: kumi na minane, ya kweli, nimepimwa mpaka mifupa. Kwetu: Consuelo, nyuma ya kiwanda cha sukari. Hapa wananiita Kasuku. Sababu siijui.

Kwenye ukuta wa bwalo kuna rekodi ya akademi kwa rangi ya bluu: mechi 33 bila kosa. Jina la mwenyewe limeshafifia. Linasubiri nilipumzishe.

Kocha Bienve kasema orodha ya watakaokwenda Florida kucheza ngazi ya juu itasomwa tarehe moja Agosti. Mlinzi wa vituo kama mimi atachukuliwa mmoja tu. Nimehesabu mara tatu. Kila nikihesabu napata mimi.

Jumanne, 2 Julai

Siku ya timu zote kusainisha watoto wapya. Wameingia wa miaka kumi na sita, mashati bado yana mikunjo ya dukani, mama zao wanalia huku wanapiga picha. Wazuri kuwatazama. Ila kila mtoto mpya ni kitanda, na vitanda haviongezwi. Mwenye akili anajua maana yake.

Nelfi Pié anajua. Hakugusa chakula cha mchana. Tunalala chumba kimoja, ni mrushaji, mkono mrefu kama ngazi ya fundi umeme. Mwaka jana kiwiko kilimuuma, akakaa nje msimu mzima. Sasa wamempa mpaka mwisho wa Julai awe na namba nzuri, yaani wastani mdogo wa alama anazoruhusu, la sivyo nyumbani. Na nyumbani kwao ni kambi ya wakata miwa. Ukirudi pale bila glavu unapewa panga.

Nikamwambia, wewe rusha chini chini, wakiupiga utakuja kwangu, mimi ndiye yaya wako. Akasema, yaya afunge kwanza mdomo wake, unaamsha watoto. Akacheka. Akala ndizi zake za kuponda na salami yote, na nusu ya yangu. Nikashusha pumzi. Nelfi asipokula chumba kizima kinakuwa kama msiba.

Alhamisi, 4 Julai

Ishirini na nane!

Asubuhi mvua, tukafundishwa ndani kabla ya mechi. Kocha akauliza: mpigaji akifika kituoni, nani anasema ni sifa yake au ni uzembe wa mlinzi? Watoto wapya wanatazama viatu. Mimi nikainuka: Don Ercilio!

Ndiyo, Don Ercilio. Yule mzee wa penseli anayekaa nyuma ya wavu. Miaka thelathini alipima miwa kiwandani kwetu, hakuna mkata miwa aliyemdanganya hata kilo. Sasa anatupima sisi. Akiandika "pigo", mpigaji kasifiwa, na alama zikiingia zinakaa kwenye jina la mrushaji. Akiandika "kosa", aibu ni ya mlinzi, na mrushaji hana deni la alama ambazo zisingeingia bila kosa hilo. Penseli moja, watu wawili: akimwokoa huyu anamchoma yule.

Kocha akasema, vizuri sana Kasuku, leo umesema kitu chenye maana, tuandike tarehe. Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Wivu.

Nelfi ameshinda. Hakuruhusu alama hata moja. Namba yake inang'aa kama sufuria ya bi harusi.

Jumamosi, 6 Julai

Nimepiga mpira wangu wa kwanza kutoka nje ya uzio! Wa kwanza katika maisha yangu ya kulipwa! Nilikuwa na siku tisa sipigi hata nzi. Kocha alishaanza kuniangalia kama mtu anavyoangalia maziwa ya juzi. Kumbe gongo langu la kupigia lilikuwa linanitega tu.

Mpira umeangukia shamba la miwa. Nikataka niutunze. Nimekwenda kuutafuta na watoto wawili wapya, tukamkuta mbuzi anaulamba. Nikauchukua. Mbuzi akanifuata mpaka getini. Hata wanyama wananijua.

Mama kwenye simu: eti majirani wamesikia mayowe, wakadhani amefiwa. Akaniambia nimshukuru Mungu, nisijishukuru mwenyewe. Nikamwambia nimetushukuru wote wawili.

Thelathini.

Jumatano, 10 Julai

Thelathini na tatu. Tuko sawa na ukuta.

Sibadilishi soksi. Nelfi amezitoa nje kwa fimbo, amesema zitavunja rekodi yao zenyewe.

Kesho Nelfi anarusha. Na ofisi inaleta mtu wa kamera, kwa ajili yangu! Kocha kaniita pembeni: mwanangu, wakubwa wa Florida wataiona hiyo video. Mikono tu. Mdomo uache chumbani.

Alhamisi, 11 Julai

NIMEUVUNJA UKUTA! THELATHINI NA NNE!

Ila roho ilitoka, ikazunguka Consuelo, ikarudi. Niandike polepole.

Zamu ya tano. Nelfi alikuwa anawakata kama majani, bado hawajapata kitu. Wakapata bahati wakajaza vituo vyote vitatu. Wawili tumeshawatoa, anatakiwa mmoja tu tukapumzike. Nelfi akarusha chini kama nilivyomfundisha. Mtu akaupiga, ukaja kwangu. Mpira wa pole, mpira wa bibi. Ukagonga kokoto! Ukaruka, ukapita kwenye glavu, ukalala nyasini. Wawili wakaingia. Anayefuata akaupiga mpaka ukutani, wakaingia wengine wawili. Alama nne. Kocha akaja kumtoa Nelfi.

Nikatazama ubao. Don Ercilio ameandika kosa. Langu! Dunia ikawa nyeusi, na ni saa sita mchana.

Mechi ilipoisha nikamkimbilia kabla hajafunga karatasi zake. Kokoto mkononi, hili hapa Don Ercilio, kubwa kama punje ya maharage! Akavua miwani, akaifuta, akalitazama. Akasema:

"Mimi nimeona glavu, mwanangu. Sikuona kokoto."

"Don, pale ulipo ni mbali."

"Miwa pia ilikuwa mbali." Akavaa miwani. "Mama yako namfahamu. Niambie kweli, kama anakusikia."

Nikamwambia kweli, kokoto.

Akalishika lile jiwe muda mrefu. Akasema macho yake siku hizi yanamwacha njiani, na mtoto wa Consuelo hawezi kumdanganya mzee wa Consuelo. Akachukua kifutio. Akaandika pigo.

Afueni! Nilitaka kumbusu kichwa. Nilimbusu! Kina chumvi.

Ijumaa, 12 Julai

Jina langu liko ukutani. Bluu. Nimeliandika mwenyewe, herufi kubwa kuliko zote, mpaka kwenye swichi ya taa. Nelfi ndiye aliyeshika ngazi. Nikamwuliza chini kunaonekanaje, akasema naona matako ya bingwa.

Kuhusu jana hakusema mengi. Alama zote nne zimekaa kwake. Namba yake imepanda vibaya. Alisema tu: kokoto, ndugu yangu! Uwanja mzima huu, linakaa mbele ya mpira wangu! Nikamwambia bado ana mechi mbili, atazifuta. Akasema ndiyo. Akaniambia nishuke, rangi inamdondokea.

Mama amelia kwenye simu. Kilio kizuri.

Jumatatu, 29 Julai

Nelfi karusha tena juzi, safi. Na ile ya kabla, safi. Lakini namba inashuka pole pole kama mzee kwenye ngazi. Yeye anaihesabu kwa kijiti kwenye mchanga. Nikifika anafuta.

Leo sina cha kujisifia. Ni joto.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimepita!

Kocha alisoma orodha baada ya chai. Warushaji wanne, mdakaji mmoja, walinzi wa nje wawili. Kisha: "Mlinzi wa vituo, Laureano." Mimi, Kasuku, nilikosa neno. Kocha akangoja. Akasema, haya, muujiza wa pili. Watu wakanibeba. Nimepiga simu nyumbani, nilisikia kikaango tu kinaungua na majirani wanapiga sufuria. Sijawahi kuwa mwepesi hivi. Saa nane anakuja mtu wa kupiga picha za viza. Shati nimeazima.

Halafu bwana mmoja wa ofisini akaja mlangoni na karatasi. Akamwita Nelfi.

Alikaa ofisini dakika tano. Alipotoka alikuwa anatabasamu, nikadhani amenusurika. Akaniambia wamemsifia mkono. Kiwiko kimepona kabisa, wamesema, mwendo wa mpira mzuri. Ila karatasi ni karatasi, na watoto wapya wako kumi na mmoja. Namba yake ilizidi mstari waliomwekea, kidogo tu. Bila zile nne za tarehe kumi na moja, angebaki. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipigia hesabu, kwa kidole, mlangoni.

"Kokoto limeniua, Kasuku," akasema. "Nikilipata nitalivaa shingoni."

Akacheka. Kisha akanikumbatia, akaniambia Florida niwaambie watu kwamba nilikuwa na yaya mmoja mrefu. Alikosea, yaya nilikuwa mimi. Sikumsahihisha.

Sasa yuko chini, kwenye benchi ya getini, begi kati ya miguu. Anamsubiri mjomba wake aje na pikipiki. Mimi niko dirishani na daftari hili. Don Ercilio amekuja, sijui nani kamwambia. Ameketi karibu naye na bahasha yake ya karatasi. Sauti zinapanda mpaka huku.

Don Ercilio anamwambia, mwanangu nisamehe, kwanza niliandika kosa, mkono wangu ulijua. Halafu nikaona macho yangu yamezeeka. Msimu ukiisha naiacha hii penseli. Mtu asiyeona hapimi.

Nelfi anamwambia, usiiache Don, wewe umefanya kazi yako, jiwe ni jiwe, halina kosa.

Anamtuliza mzee. Yeye ndiye aliyefukuzwa, na anamtuliza mzee!

Sikiliza, daftari. Nilikuandikia uongo. Hakuna anayekusoma na bado nilikuandikia uongo, yaani nimezoea mpaka mkono.

Yule mtu wa kamera alikuwa upande wa kituo cha tatu. Mpira ulipopigwa niliuona ni mwepesi, nikajua nimeshaudaka. Nikageuza uso kidogo, ili nitoke vizuri kwenye video. Kidogo tu! Nikausikia kwenye glavu, hapa kwenye kiganja, katikati kabisa, halafu sikuusikia tena. Ardhi ilikuwa safi kama sahani. Jiwe niliokota njiani, nyuma ya vyoo, nikiwa nakimbilia kwa mzee. La kwanza lilikuwa dogo, nikalitupa, nikachukua kubwa.

Don Ercilio aliona sawasawa. Macho yake ni mazima kuliko ya kwangu. Nikishuka nikasema, wataandika kosa, na jina langu litafutwa ukutani, na labda kwenye orodha pia. Nisiposhuka, pikipiki inakuja.

Nelfi ameinua kichwa. Ananiita: "We Kasuku! Leo umemeza ulimi? Shuka unishikie begi!"

Nimemwambia nakuja. Nimesema mara mbili. Bado nimekaa. Ulikuwa mpira wangu, niliudaka na nikauachia.