Ukili Wako wa Kombo

Baba yangu uliyetangulia,

Ni mimi, mwanao uliyekuwa ukiniita Mtukutu. Skuli sikuimaliza, unajua, lakini kwa mwandiko huu nani atasema? Tazama herufi ya kwanza ilivyokaa kitako kama shehe.

Nakuandikia kwa sababu ya ami, ndugu yako mdogo. Unaikumbuka ile alasiri ya msimu wa karafuu, nimekaa barazani na mama, nasuka ukili, mkanda wa miyaa wa kushonea jamvi? Nilikuwa nawashinda wasichana wote wa Konde. Sijivuni, nasema tu. Ami akaja na wenzake kutoka msikitini, nawe nyuma yao, akaninyang'anya ukili, akautupa uani.

"Mtoto wa kiume na kazi ya kike. Kesho atataka kujifunga kanga."

Wenzake wakacheka. Mimi, mwenye jibu kwa kila mtu, nikainamia miyaa iliyobaki mapajani. Machozi yalinijaa ila hayakumwagika, hilo ulilishuhudia mwenyewe.

Nilidhani utanifukuza niende shamba. Wewe ukauokota ukili, ukaupangusa vumbi, ukaketi chini kando yangu na kanzu yako ya Ijumaa. "Nianzishie," ukaniambia.

"Kaka, unatuaibisha," akasema ami.

"Aibu ipi? Majamvi unayoanikia karafuu zako umeyachuma mtini?"

Nikakuanzishia. Baba, acha nikuseme sasa ambapo huwezi kunifinya: ulisuka vibaya. Miyaa ilikukimbia vidoleni, ukili ukaenda kombo kama mkia wa mbuzi. Mama aligeukia ukutani ili acheke. Nawe hukuacha mpaka ikaadhiniwa magharibi.

Njiani kwenda kusali ukanishika bega. "Ukichoka kusuka, acha. Lakini usiache kwa maneno ya ami yako. Wewe ni mwanamume vilevile, sijaona kilichopungua."

Ukili ule niliushona katikati ya jamvi langu, nao ungalipo. Vijana wakinitania nawajibu kwa mzaha mpaka wanakimbia. Nikifika nyumbani nakaa juu ya jamvi lile, nausikia mkono wako begani.

Sasa, juzi ami kaja na Khamisi, mwanawe wa mwisho. Mtoto hataki tena kwenda chuoni kusoma Kurani. Wenziwe wanamcheka kwa kuwa hupenda kukaa na dada zake kusuka. Ami mwenyewe sauti imemshuka.

"Hali chakula, halali usingizi. Mfundishe wewe, labda akipata mwenzake atachangamka."

Ulimi uliniwasha, wallahi. Nilikuwa na maneno yangu nimemwekea siku nyingi. Nikamwona Khamisi kajificha nyuma ya kanzu ya babake, macho yamemjaa, na hayamwagiki.

"Nitamfundisha, ami. Lakini kaa wewe kwanza."

Akatazama njiani, nani anapita. Walikuwa wanapita watu, tena wale wale wa msikitini. Akavua makubadhi, akaketi chini.

"Haya, nianzishie."

Anasuka kama wewe, hakika nyinyi ni ndugu. Khamisi alimcheka mpaka akashika tumbo, kisha akamsogelea amwelekeze, "Siyo hivyo, baba, lete." Leo asubuhi kaenda chuoni.

Ukili wa ami nimeushona ubavuni mwa wako. Nimeutazama kwa haki, bila upendeleo: wako bado ndio wa kombo zaidi.

Pumzika, baba. Jamvi nalitunza.

Mwanao, msukaji bora wa Konde