Mafuta Yasiyodondoka

3 Juni
Mama,
Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, ila kichwa kimevurugika. Wamenipa kijiko, lile trekta kubwa lenye beleshi mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, nichimbe mtaro wa mabomba kilimani. Kuchimba hakunisumbui. Kusimama ndiyo kazi. Nikikanyaga breki pedeli inazama, na mtambo unavuta kulia kama ng'ombe aliyeona majani. Msimamizi anasema ni woga wangu. Simu hazishiki huku, na fundi wa kampuni haji mpaka mtambo ufe kabisa. Wewe umelala chini ya malori maisha yako yote. Nifanyeje?
Mwanao, kitinda mimba

9 Juni
Mwanangu,
Marahaba. Goti lipo, linanisalimia kila nikiona ngazi. Dada zako hawajambo.
Sikiliza. Kijiko kina pedeli mbili za breki, kushoto na kulia. Ukiwa safarini lazima zifungwe pamoja kwa kile chuma cha katikati. Kama zimefungwa na bado unavutwa, basi upande mmoja haushiki. Angalia kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa yamepungua, jaza, kisha toa upepo kwenye mirija: mwenzako akanyage, wewe ulegeze skrubu mpaka yatoke mafuta bila povu. Mafuta ya breki ya lori yanafaa. Na msimamizi mwambie ni huo woga ulionifanya nistaafu na vidole vyangu vyote.
Mama yako

17 Juni
Mama,
Shikamoo, na soksi nimezipata, ahsante. Chuma kilikuwa kimefungwa. Kikopo kilikuwa karibu kitupu. Nikajaza mafuta ya lori, mpishi wa kambi akanikanyagia pedeli huku akiimba, tukatoa upepo. Siku ile pedeli ilisimama, nikakusifu kwa sauti. Kesho yake ikazama tena, na sasa mtambo hauvuti kulia wala kushoto, maana pande zote mbili hazishiki. Mafuta kwenye kikopo yameshuka. Nimeingia chini: mirija mikavu, magurudumu makavu. Nikatandika boksi, halikupata hata doa. Mama, haya mafuta yanakwenda wapi? Mpishi anasema ni mashetani. Nimeanza kumsikiliza.
Mwanao

22 Juni
Mwanangu,
Marahaba. Nimeisoma barua yako jikoni mpaka sufuria ikaungua. Mimi pia sikuelewa. Lori likivuja, utaona kwenye gurudumu. Basi nikaenda gereji yangu ya zamani, fundi wa matrekta akanicheka. Kumbe breki za kijiko zimefichwa ndani ya ekseli, zinaoga mafuta humo. Sili, ule mpira unaozuia mafuta, ikichoka, mafuta ya breki yanavujia humohumo ndani, nje pakavu. Fungua kizibo ubavuni mwa ekseli. Yakimwagika kupita kawaida, mwizi umemkamata.
Ila akaniuliza jambo lililonikata maini: kikopo kimeandikwa nini? Mitambo mingine haitaki kabisa mafuta ya lori. Soma. Usikiendeshe kijiko kabla ya kusoma. Nakuomba.
Mama yako

4 Julai
Mama,
Shikamoo. Sijaumia, nimeanza na hilo makusudi. Barua yako ilikwama na lori la vifaa, mvua ilikata barabara. Ilipofika, kijiko kilikuwa kimeshanikimbia. Nilikuwa nateremka, pedeli ikagonga sakafu, hakuna kitu. Breki ya mkono ikatoa moshi tu. Nikashusha beleshi, likalima ardhi, tukasimama juu ya choo cha mabati cha msimamizi. Alikuwa ametoka punde tu, mkanda bado mkononi. Hakuna aliyecheka.
Baadaye nikafungua kizibo, mafuta yakanilowesha mpaka kiwikoni. Nikafuta vumbi kwenye kikopo: kimeandikwa mafuta mepesi ya haidroliki pekee. Ya lori yamevimbisha sili zote. Msimamizi akauliza nani aliniambia nitie ya lori. Nikasema nilijiamulia. Wamenisimamisha kazi. Mama, sijui nikukasirikie au nikushukuru. Vyote vinanijia kwa pamoja.
Mwanao

8 Julai
Mwanangu,
Marahaba, na pole. Kasirika kwanza. Nilijibu kuhusu mtambo nisioujua kana kwamba naujua, na wewe ukaniamini kwa kuwa ni mimi. Usinisemee uongo tena. Nakuja na lori la vifaa, pamoja na fundi wa matrekta na sili mpya. Nitamwambia msimamizi kwa mdomo wangu. Goti litajijua.
Mama yako

30 Julai
Mama,
Shikamoo. Umepumzika baada ya safari? Nimerudishwa kazini. Msimamizi bado anasimulia ulivyomkatiza: "Ukimfukuza, mfukuze kwa kosa lake, si langu."
Fundi alipomaliza kubadilisha sili na kusafisha mirija, ulipanda kwenye kiti kabla yangu. Nilipiga kelele, "Mama, shuka!" Ukajifanya husikii. Ukateremka kilima, ukasimama, ukateremka, ukasimama. Mikono yangu ilikuwa kichwani muda wote.
Ila ulipokuwa unaondoka ulinishika bega ukasema, "Usiniulize tena mambo ya mitambo." Hilo sijalielewa hadi leo. Nimuulize nani, mpishi?
Breki zinashika. Lakini tangu juzi, nikiukunja ule mkono wa nyuma, unalia kama bawaba kavu, halafu unatetemeka kidogo. Grisi nimepaka, maandishi yote nimesoma, hayasemi kitu. Wewe unadhani ni nini?
Mwanao