Heshima Iliyoogopa Blauzi

Mama,

Wanakusifu sana siku hizi, tangu tukuzike. Njoroge, mwanao huyo aliyekuwa akitoka nje kila ukisema titi linauma, sasa anawahadithia watu kanisani jinsi ulivyovumilia. Ulivumilia nini, hasemi. Mwanamume ana ndevu hadi kifuani, lakini neno titi limemshinda.

Na yule daktari kijana wa zahanati yetu hapa Mau Narok bado yupo, koti limepigwa pasi kama la bwana harusi. Ulimwambia una uvimbe, akaangalia dirishani. Akasema hawezi kumvua nguo mtu wa rika la nyanya yake, akakupa dawa ya kuchua, akakuaga kwa mikono miwili. Ukarudi nyumbani ukisema amelelewa vizuri. Kulelewa gani huko, Mama? Tulipofika hospitali kubwa Nakuru, uvimbe ulishakuwa kidonda, na huko nako waliongea na Njoroge kana kwamba hukuwepo: huyu ni mzee, mrudisheni apumzike. Hakuna aliyekuuliza kama umechoka. Wiki hiyo ulikuwa umepanda viazi.

Sasa sikia. Tulipokuwa tunavuna viazi hivyo, Tata Wairimu, mdogo wako, naye akagundua uvimbe. Nikampeleka kwa bingwa yule yule wa zahanati, maana ndiye wa kutuandikia twende Nakuru. Akaanza tena adabu zake za kumwita nyanya, shosho hivi, shosho vile, huku mkono unatafuta ile dawa ya kuchua. Nilikuwa nimefungua mdomo nimtukane, lakini Tata alishafungua vifungo vya blauzi.

"Wewe hukunyonya?" alimwuliza. "Basi angalia."

Akaangalia. Jasho lilimtoka, shujaa wetu, lakini alimpima na akaandika. Kule Nakuru walipoanza wimbo wao wa umri, Tata akawaambia ana shamba na hajapanga kupumzika. Wamemfanyia upasuaji. Anameza dawa kila siku na kulalamika kwamba zinampa joto. Jana alinifokea kwa kuchelewa kupalilia, kwa sauti kama yako kabisa, nikakaa chini kati ya viazi nikalia. Ungekuwa wewe unayenifokea, Mama, kama wangekupima.

Lala salama. Mwanamke mzee yeyote wa hapa akiona uvimbe, nitaingia naye mle ndani kwa daktari, na hatutatoka kabla hajapimwa. Watasema sina adabu. Nawe ungekuwa wa kwanza kusema hivyo, na ningefurahi sana kukusikia.

Binti yako,
Nyambura