Mpini wa Mashine ya Mama Yako

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Ile sufuria uliyoiunguza nimeiona ulikoificha, ioshe.

Nimekwenda kwa muuza vyuma chakavu. Kapata mashine ya kukereza mbao kama ya marehemu mama yako. Imekufa, ila gia yake nzima, si kama yetu iliyovunjika, na mpini wa kuzungushia kama mpya. Nitachukua vyote viwili.

Asubuhi nilikufokea bure. Ulisema mpini wetu umelika, tuubadilishe. Kweli umelika. Umelika pale mama yako alipokuwa akiweka kidole gumba, miaka ishirini na sita. Ulipotoka nikaushika. Kidole changu hakiingii hapo, nimelazimisha weee, wapi! Nilitaka tu mashine ingurume tena, nikiwa jikoni nijidanganye kwamba yuko karakana.

~~Mpini wa zamani utupe.~~

Hapana, usiutupe! Nitanunua gia peke yake.

Na ile amri yangu kwamba usiiguse mashine yake, nimeifuta. Jana ulipoushika mpini kwa siri nilikuwa mlangoni. Kidole chako kiliingia sawasawa.

Baba