Mpiga Drams wa Border Sparks

Ijumaa, 3 Agosti 1979

Nimemwona Ongodia. Hai! Nilikuwa najaza fomu za lori la chumvi pale ofisini Malaba, mtu akasema, "Boss, niazime kalamu." Sauti ile! Nikainua kichwa — mpiga drams wa bendi yetu ya zamani, mwembamba kama ufito, mvi kichwani. Na tulishamfanyia misa ya marehemu! Akacheka, akasema nimenenepa. Nikashindwa kumtazama machoni. Nimemwalika chakula Jumapili.

Jumamosi, 4 Agosti

Nimemwambia mke wangu Atyang. Alikaa chini mlangoni mwa jikoni, akalia kidogo, kisha akauliza kama Ongodia bado anapenda ugali wa wimbi.

Siku nzima nimekumbuka. Border Sparks! Mimi gitaa, yeye drams, Atyang kuimba. Harusi za Amukura, kumbi za Busia, suruali pana chini, rokinroli mpaka padri akalalamika. Nusu ya Kiingereza cha Atyang alikuwa anakibuni tu. Nani alijali?

Halafu Tororo, ng'ambo ya mpaka, 1972. Tulikuwa tunarudi na pikap, mchana. Wanajeshi wakatusimamisha, wakamshusha Ongodia peke yake kwa sababu ni wa upande ule. Wakampeleka nyuma ya kibanda. Atyang alisema tusubiri. Mimi nikamwambia dereva aondoe gari. Basi. Bendi ikafia hapo. Atyang akakubali kuolewa na mimi, na jambo hilo hatujawahi kuliongea.

Jumapili, 5 Agosti

Amekuja. Shati limepigwa pasi. Amekula vizuri. Ya jela amesimulia kidogo tu. Watoto walimwomba apige kitu — akapiga sufuria kwa vijiko, wakacheka mpaka wakakohoa.

Wakatoka kucheza. Ndipo akauliza polepole, bila hasira. Siku ile alisikia injini ikiwaka. Nani alisema gari liondoke?

Nikaanza kukusanya sahani. 

"Ni mimi," Atyang akasema. "Niliogopa, ndugu yangu. Nisamehe."

Ongodia akamshika mkono. Akasema hata yeye angeondoka. Kisha akanigeukia: "Na wewe mzee, ukamsikiliza!" Akacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka!

Nimeingia chumbani, nimesema naleta gitaa. Liko hapa mapajani, nyuzi mbili zimekatika. Nje sufuria zimeanza tena, na Atyang anaimba — sijamsikia akiimba hivyo tangu tuoane. Ongodia ananiita, mara ya tatu sasa.

Atyang haniiti.