Ndege Tatu Siku ya Ukungu

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimedanganya kazini. Miaka ishirini na mbili ya kushika daftari la tamthilia, leo mara ya kwanza! Kazi yangu ni kuandika kila teki, yaani kila mara kamera inapopiga: imeanza saa ngapi, imeharibika kwa nini. Tunaigiza maisha ya Josiah Marwood, mwanasiasa wa Virginia enzi za kuasisi nchi. Warren Haldane ndiye Marwood. Leo kasahau maneno mara tano. Mara tano! Mzee aliyekuwa akimeza skripti kama uji. Kwenye safu ya sababu nikaandika: ndege. Hapa Richmond zinapita kutwa, mlio wake huharibu teki maana mwaka 1776 hazikuwepo, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

"Ahsante, mama," Warren kaninong'oneza. Nilikuwa na hasira naye, na huruma, vyote kwa pamoja.

Jumanne, 8 Oktoba

Dawa imepatikana. Barua za mezani kwa Marwood — nimeziandika maneno anayopaswa kusema, kwa herufi kubwa. Warren anajifanya anasoma. Onyesho zima bila kukwama! Dairekta kashangilia.

Ila Ijumaa tunapiga hotuba kuu ya Marwood katika bunge la Philadelphia. Kurasa nne, amesimama, hana hata meza.

Jumatano, 9 Oktoba

Marguerite, prodyuza wetu, kanifuata kwenye foleni ya kahawa. Anatabasamu kwa meno tu. Ati watu wa bima wamesikia minong'ono kwamba Warren anasahau. Ati kuna mwigizaji Atlanta, kishapimwa koti la Marwood. "Warren akisahau mara moja tu, anarudi nyumbani kwake. Nakutegemea wewe, Noreen. Daftari lako halijawahi kusema uongo."

Kahawa nimeimwaga.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mjinga mimi! Ukungu tangu alfajiri, hata mto hauonekani. Warren kasahau mara tatu, na mkono wangu, kwa mazoea: ndege, ndege, ndege.

Lyle, fundi wa sauti, kaja na daftari lake. Naye huandika kila kinachosikika.

"Dada, ndege gani hizo? Uwanja wa ndege umefungwa tangu asubuhi. Mimi sijasikia hata mbu."

Nikamwomba anifichie. Kakuna kidevu. Ana watoto wawili chuoni, kasema, hawezi kuhatarisha kazi, na Marguerite kataka madaftari yote mawili kesho kabla ya hotuba. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Nikamwambia Warren. Kacheka mpaka kakohoa. "Ndege hizo zinanijua kwa jina!" Kasema haogopi kufukuzwa, anaogopa kurudi nyumbani. "Huko hakuna skripti, Noreen."

Nimelia ndani ya gari kama mtoto.

Ijumaa, 11 Oktoba

Marguerite kayalaza madaftari mawili magotini, sambamba. Kidole kikasimama kwenye Alhamisi. Kanipa karatasi moja tu, ya leo. "Hii utaijaza mbele yangu."

Warren kaanza. Ee Mungu, sauti ile! Wajumbe sitini ndani ya mawigi, wote macho kwake. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Nikaanza kupumua.

Halafu — hakuna. Midomo inacheza, neno halitoki. Siku zote hunitupia jicho la wizi. Leo kageuka mzima mzima, mbele ya kila mtu: "Noreen, nimepotea. Nipe neno."

Miaka yote hii hajawahi kumwomba mtu neno. Nikampa. Kamaliza hotuba yote, na wale wajumbe wa kukodi wakasimama kupiga makofi bila kuambiwa. Dairekta analia. Marguerite hakupiga makofi.

Sasa mapumziko, dakika kumi. Naandika humu kwanza ili nichelewe kuandika kule. Marguerite kasimama begani kwangu. Karatasi iko mapajani: teki ya kwanza, sababu, patupu. Lyle anajifanya anakunja nyaya.

Warren kaja, wigi mkononi, nywele zimelowa jasho. Kachuchumaa mbele yangu, magoti yakalia.

"Usiandike ndege, mama. Andika jina langu."

Nimeandika Haldane. Bado neno moja: kasahau.

"Malizia," Marguerite anasema.

Warren ananishikia karatasi ili niandike.