Doa kwenye Kitako cha Bunduki

Mjukuu wangu Akello,

Hapa Lubaga tumeamka salama. Nyanya yako anakusalimu. Jana aliunguza matoke kwa sababu alikuwa anasoma barua yako.

Unauliza kama upige msasa kitako cha ile bunduki ya zamani hapo makumbusho, ili utoe doa jeusi. Nilipokuwa fundi mbao kijana kambini, baba yangu, aliyekuwa sajenti, aliniletea bunduki yake niing'arishe kwa ajili ya gwaride. Ilikuwa na doa kama hilo. Nilisugua siku nzima, nikapaka mafuta ya kitani, na mawimbi ya mbao yakajitokeza polepole, kahawia na dhahabu, kama asali inayotiririka juani. Niliyatazama mpaka nikasahau chakula.

Baba akaiinua mpaka begani, akalaza shavu, akalihamisha, akalaza tena.

"Kijana, hii ni bunduki ya nani?"

Ndipo nikaelewa. Doa lile lilikuwa jasho la shavu lake, la miaka yote ile.

Baba hayupo tena, na kila nikinusa mafuta ya kitani ninalitafuta doa lile. Kabla hujashika msasa, Akello, laza shavu lako hapo kwanza. Kuna mtu.

Babu yako